Mkwe Haguswi kwa Fimbo

Baba yangu aliniletea mashati yake yote ya kazi ndani ya mfuko wa nailoni, akaniambia niondoe vifungo vyote niweke vikubwa. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko mbele ya nyumba, chini ya bati lililotokeza kuelekea barabarani, na watu huniletea mambo ya kila aina. Lakini mwanamume mzima kutaka vifungo vya koti la mtoto kwenye shati la kazi, hilo lilikuwa geni kwangu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema vile vidogo vinakatika ovyo. Nikavikagua kimoja kimoja, hakuna hata kimoja kilicholegea, na si ajabu, maana nilivishona kwa mkono wangu. Nikamwambia kwa vifungo hivi watu watadhani umeajiriwa kwenye sarakasi. Hakucheka. Alitazama barabarani, mikono ameibana kwapani kama mtu mwenye baridi, akasema nikimaliza nimpelekee mama.

Vifungo nikaviweka, vyekundu kwa sababu ndivyo vilivyokuwapo, na kila mteja aliyepita nikamwonyesha tukacheka.

Baba anaendesha msumeno wa mnyororo, ule wa injini, ambao yeye na wenzake huuita mashine tu, kana kwamba duniani hakuna mashine nyingine. Kazi yao ni kuangusha miti iliyoinamia nyumba na barabara, kisha magogo yanapelekwa yadi kupasuliwa mbao. Pale yadi hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mzee Breki. Mbele ya mkono wa kushoto wa ile mashine kuna ngao. Ukiisukuma mbele kwa kifundo cha mkono inalia tak, na mnyororo unafungwa, hauzunguki hata ukikamua mafuta kwa kidole. Hiyo ndiyo breki, na hiyo ndiyo dini ya baba. Ukitaka kupiga hatua, breki kwanza. Ukitaka kupangusa jasho, breki kwanza. Vijana wote wa yadi wamefundishwa naye, na wote wamewahi kupigwa vidole kwa sababu dole gumba lilikaa juu ya mpini badala ya kuuzunguka, maana mashine ikiruka, kinachoizuia isikurudie usoni ni hilo dole gumba. Hata nyumbani ni hivyo hivyo. Mtoto akikimbia na kijiko mdomoni, anapigiwa kelele "Breki!" Siku ya harusi yangu wazee wengine walitoa nasaha mpaka wageni wakasinzia. Baba alisimama, akamtazama mume wangu, akasema, "Breki," akakaa.

Mume wangu wanamwita Ngazi, kwa urefu wake. Naye yuko yadi hiyo hiyo, na kazi yake ilikuwa kushika fimbo. Asiyeijua kazi hii anaweza kuidharau. Mwenye mashine amefunikwa masikio, injini inanguruma, macho yako kwenye shina. Hata ukimwita kwa tarumbeta hasikii. Kwa hiyo nyuma yake husimama mwenzake na fimbo ndefu kuliko mtu, kazi yake kutazama juu wakati yule anatazama chini. Akiona hatari anamgusa mgongoni kwa ncha ya fimbo. Mguso mmoja, mwenye mashine anazima. Hamgusi kwa mkono, maana mtu akishtuliwa hugeuka na mashine yake. Na kamwe haendi mbele. Mwenye yadi, ambaye sote tunamwita Mama Yadi, ana sheria moja anayomsomea kila mwajiriwa mpya: atakayeingia mbele ya mashine inayonguruma, jioni hiyo hiyo akatafute kazi kwingine.

Baba ndiye aliyemwomba Ngazi awe mshika fimbo wake, ili amfundishe, na baadaye akabidhiwe mashine yake mwenyewe. Nilifurahi. Nilisema, afadhali mkwe kuliko mgeni. Kumbe nilikuwa sijafikiri.

Mume wangu ni mtu wa heshima, ile heshima inayochosha. Kiti alichokalia baba yeye hakalii, hata kama baba ameshaondoka tangu asubuhi. Baba akiingia kwetu, Ngazi anasimama, anaficha simu, anafunga shati mpaka shingoni. Njiani hatangulii. Na baba naye ni yule yule. Kwangu hapigi hata chafya. Wakitaka kuzungumza wanapitia kwangu. "Mwambie mumeo kesho tunatoka mapema," na mumeo mwenyewe yuko pale, magoti yanagusana. Nilikuwa daraja, na daraja lilikuwa limechoka. Sasa mtu kama huyo umpe fimbo, umwambie akiona hatari amdunge nayo baba mkwe wake mgongoni.

Ya kazini sikuyaona. Nimeyapata kwa mume wangu baadaye, kwa kumvuta neno moja moja kama mtu anayetoa miiba. Walikuwa wanakata mti mkubwa uliokuwa umelalia ukuta wa ghala. Juu kabisa kulikuwa na tawi kavu lililokwama kati ya matawi mabichi, na mashine ilipouma shina, mti ukatetemeka, tawi likaanza kuteleza. Ngazi akaliona. Akainua fimbo, akaipeleka mbele mpaka ncha ikabaki kama upana wa kiganja kutoka kwenye mgongo wa baba. Hapo mkono ukagoma. Anasema aliona shati lilivyopigwa pasi na mama, kunyooka kule, na mkono ukagoma tu. Kwa muda wote waliofanya kazi pamoja hakuwahi kuitumia ile fimbo, kwa sababu baba mwenyewe alikuwa na desturi ya kusimama kila baada ya muda na kutazama juu. Siku ile hakutazama.

Basi mume wangu, kwa heshima zake, akaishusha fimbo akazunguka mbele, apunge mkono aonekane.

Baba akamwona. Akaachia mafuta, akasukuma breki, akarudi nyuma huku amegeuka amwulize kuna nini, mashine imeshuka ubavuni. Tawi likaanguka pale pale alipokuwa amesimama. Walinusurika na tawi wote wawili. Lakini mnyororo haukuwa umefungwa, na kidole ambacho baba alidhani amekiondoa kwenye mafuta kilikuwa bado kimekaa pale pale, kikabonyeza alipogeuka. Mnyororo ukampata Ngazi juu kidogo ya kiatu, kwenye muundi.

Nilipofika hospitali walikuwa wameshamshona. Daktari alisema mfupa umekwaruzwa, haukukatika, na kwamba nishukuru. Baba alikuwa kwenye benchi la korido, shati lake la vifungo vyekundu lina damu isiyo yake. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema, "Ameingia mbele." Hakunitazama, na mikono yake alikuwa ameikalia.

Ndani nako nikaambiwa hayo hayo. Mume wangu alisema ameingia mbele, kosa ni lake, mzee hana hatia. Alisema haraka mno, kama mtoto aliyefundishwa la kujibu. Nilimkasirikia. Nilimwambia miaka yote hii unafundishwa na Mzee Breki mwenyewe, na bado unakwenda kusimama mbele ya meno. Akageukia ukutani.

Asubuhi yake nilikwenda kwa wazazi wangu kuchukua mkeka na sufuria ya ziada, maana wageni wa kumjulia hali mgonjwa walikuwa wameanza kuja. Siku za karibuni nilikuwa nimesikia kwamba wazee wale hufunga mlango wa chumba kila asubuhi kabla baba hajatoka, na nilikuwa nimewatania sana. Nilikuwa nikimwambia mama, mapenzi ya uzeeni hayana haya. Siku hiyo mlango haukufungwa vizuri. Nikamwona baba amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia, kidevu amekiinua kama mtoto wa chekechea, na mama anamfunga vifungo. Vile vikubwa. Hata vile vilimshinda.

Mama aliponiona alishtuka kama aliyefumaniwa akiiba. Baba alijigeuza na vifungo viwili bado viko wazi, akasimama anatazama kabati. Nilirudi uani. Wanasema uso umeumbwa na haya. Wangu siku hiyo ulitaka kuhamia kisogoni.

Mama alinifuata jikoni akanieleza kwa sauti ya chini. Mambo yalianza kwa vidole kuwa vyeupe kama chaki asubuhi za baridi. Baadaye vikawa vinawasha, baadaye vikafa ganzi, na tangu mvua zilizopita hasikii kitu kutoka kwenye viganja mpaka ncha za vidole. Kikombe anakishika kwa mikono miwili huku anakitazama, maana asipokitazama hajui kama kimo. Kwenye zahanati walimwambia ni mtikisiko wa mashine, umemla mishipa kidogo kidogo miaka yote ile, na wakamwambia aache. Akatoka pale akamwambia mama, mtoto asijue.

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," mama akasema. "Na mwosha ni mimi."

"Hajawa maiti, Mama. Ila nusura anifanyie maiti mume wangu."

Neno lilinitoka kabla sijalipima. Mama aliinama akaanza kuokota mchele uliomwagika chini, punje kwa punje, na mimi nikabaki nimeshika sufuria sijui niiweke wapi.

Sasa ikawa hivi. Mama Yadi alituma ujumbe kwamba wiki inayofuata kikosi chote kikutane yadi, jambo lizungumzwe. Kila mtu alijua maana yake. Ngazi ameingia mbele ya mashine inayonguruma. Sheria ipo, na Mama Yadi hakuwahi kuikunja kwa ajili ya mtu. Mume wangu angefukuzwa kazi huku akichechemea, na jina la uzembe lingemfuata kila yadi. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kusema neno la kumwokoa, na mtu huyo alikuwa ameikalia mikono yake.

Nilimwambia mume wangu habari ya mikono ya baba. Nilitegemea ashangae. Hakushangaa.

"Nilijua," akasema.

Alikuwa ameona zamani. Aliona baba anavyotazama mkono wake wa kushoto kila anapoinua mashine, kuhakikisha dole gumba limezunguka mpini, jambo ambalo zamani alilifanya akiwa amefumba macho. Aliona anavyoinamisha kichwa kuitazama breki. Na siku ya lile tawi, kwa kuwa alishtushwa, hakupata nafasi ya kutazama. Nikamuuliza mume wangu kwa nini hakumwambia mtu. Akaniuliza angemwambia nani, na kwa mdomo upi. Mkwe asimame amwambie mkwewe, mzee, mikono yako imekufa?

Nilichemka. Nilimwambia heshima ya namna gani hii inayokata watu miguu. Mmoja anaficha, mwingine anamsaidia kuficha, na wote wawili wanajiona waungwana. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe kingekuwa kwangu mimi, kwa baba au kwa mume, nichague. Aliniacha nikamaliza. Kisha akaniomba kitu kimoja: nisimvunjie baba uso mbele ya watu. Kama mzee atasema, aseme mwenyewe. Kama hatasema, basi.

Nilikubali. Mpaka leo sijui kama nilikubali kwa sababu ya mume wangu au kwa sababu na mimi niliona haya. Binti asimame mbele ya vijana wa yadi aseme baba yake anafungwa vifungo na mke wake? Hilo hata mimi, na mdomo wangu huu, lilinishinda.

Siku ya kikao nilimsindikiza Ngazi na mkongojo wake. Yadi ile naijua tangu utoto: unga wa mbao mpaka kwenye kope, magogo yamepangwa kwa ukubwa, harufu ya mafuta machafu. Mashine ya baba ilikuwa juu ya meza ya kazi, imesafishwa. Ile fimbo ilikuwa imeegemezwa ukutani kando yake. Vijana walikaa juu ya magogo, wanachorachora chini kwa vijiti. Baba alikaa mwisho kabisa, peke yake, mikono kwapani. Alikuwa amevaa shati lile la vifungo vyekundu, damu imefuliwa ikaacha kivuli.

Mama Yadi ni mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na hapazi sauti. Ukitaka kumsikia, unanyamaza wewe. Alimpa Ngazi pole, akamuuliza mguu unaendeleaje. Kisha akamuuliza kama ni kweli aliingia mbele. Ngazi akakubali. Akamuuliza fimbo alikuwa nayo mkononi au hakuwa nayo. Alikuwa nayo. Basi kwa nini hakuitumia?

"Nilisahau," mume wangu akasema.

Uongo mtupu, na uongo wa kijinga, kwa sababu mshika fimbo anayesahau fimbo ni sawa na mlinzi anayesahau mlango. Vijana walitazamana. Nilimtazama baba. Alikuwa anatazama viatu vyake. Niliomba ainue kichwa, hakukiinua. Nimempenda baba yangu maisha yangu yote, lakini dakika ile nilimwonea aibu, aibu ya kweli, ile inayokufanya utake kuketi mbali ili watu wasione mnavyofanana pua.

Mama Yadi alivua miwani. Akasema anasikitika, Ngazi ni kijana mzuri na ana familia, lakini sheria hii hakuiweka kwa ajili ya watu wabaya. Nikafungua mdomo. Mume wangu akanikanyaga kwa mkongojo.

"Nipeni mashine," baba akasema.

Alikuwa ameshasimama. Mama Yadi akamwambia hakuna haja, kilichotokea kinajulikana. Baba hakubishana naye, alikwenda mezani mwenyewe. Injini ilikuwa imezimwa, na upanga, lile bapa linalozungukwa na mnyororo, ulikuwa umevalishwa ala yake. Aliibeba mashine kwa kuikumbatia, akaja nayo katikati, akaishika kama anayetaka kukata. Halafu akainua uso akatazama bati la juu, ili asiweze kuiona mikono yake.

Akasukuma kwa kifundo cha mkono wa kushoto.

"Nimefunga?"

Ile tak ambayo kila mmoja pale anaijua kuliko sauti ya mama yake haikusikika. Ngao ilikuwa imesogea nusu, ikarudi.

"Nauliza. Nimefunga breki?"

"Hujafunga, mzee," Mama Yadi akasema taratibu.

Akasukuma tena, macho bado yako juu. Akauliza, na sasa? Akaambiwa bado. Akatikisa kichwa polepole, akasema yeye alidhani amefunga mara zote mbili. Kisha akauliza dole gumba lake liko wapi, limezunguka mpini au limekaa juu. Akamwuliza kijana mmoja hasa, mnene mmoja ambaye baba alimchapa vidole msimu mzima mpaka akajua. Kijana yule akageuza uso akatazama magogo. Akaulizwa mara ya pili.

"Limekaa juu, mzee."

"Umesikia, Mama. Mikono hii haina habari." Maneno ya baba yalikuwa yanatoka kwa shida kama maji ya bomba linaloishiwa. "Nilikatazwa kazi, nikaendelea. Niliona aibu. Siku ile niliamini nimefunga, na sikufunga. Mguu wa kijana huyu nimeukata mimi."

Kuna mtu alikohoa akaonekana kama ametukana. Mama Yadi alimwendea, akaipokea ile mashine mikononi mwake polepole, kama unavyompokea mtoto kutoka kwa mtu aliyeanza kusinzia. Akamwambia hataishika tena. Baba akasema ndiyo. Alisema ndiyo kwa adabu, kama mwanafunzi, na hapo ndipo machozi yalipotaka kunitoka, nikajikaza.

Lakini Mama Yadi hakuwa amemaliza. Alimgeukia Ngazi akasema, hili la mzee limeeleweka, ila halielezi fimbo. Mzee angekuwa na mikono mizima, mbele ya mashine bado kungekuwa mbele ya mashine. Alitaka ukweli. Mume wangu alibadilisha mkongojo kutoka kwapa moja kwenda lingine. Alinitazama mimi, daraja lake, nikakataa kuvukwa.

"Sikusahau," akasema mwisho. "Nilishindwa. Ni baba mkwe wangu huyu, Mama. Nilimwelekezea fimbo, nikaona ninamdunga fimbo baba mkwe mgongoni. Nikashindwa."

Mtu mmoja akacheka. Wakacheka wengine wawili watatu, kisha kicheko kikafa chenyewe, nadhani kila mmoja alimkumbuka mkwe wake akajipima. Ngazi alikuwa ameinamisha kichwa mpaka urefu wote ule ukapotea. Mtu aliyekubali kufukuzwa kazi kwa uongo, sasa ukweli ndio uliomtoa jasho.

Baba alikwenda ukutani, akaikumbatia fimbo kwa mikono yote miwili, akampelekea. Hakupitia kwangu.

"Shika."

Ngazi akashika. Baba akampa mgongo, akasimama miguu imeachana, kama anayekata.

"Niguse."

Mume wangu alinitazama, akamtazama Mama Yadi. Mama Yadi alikuwa anafuta miwani yake. Fimbo iliinuka, ikayumba, ikamgusa baba kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi kwenye chakula cha mgeni.

"Sijasikia. Mgongo wangu mzima, haujafa. Niguse."

Akamgusa tena. Baba akasema bado. Mara ya tatu mume wangu alifumba macho akasukuma kweli kweli, mpaka baba akapepesuka hatua moja mbele. Akainua mikono yote miwili juu, kama wafanyavyo wanaposimamisha kazi, akabaki hivyo anatazama mbele, mgongo bado ameugeuza.

"Ni hivyo tu," akasema. "Ungenifanyia hivyo siku ile, ningekununia mpaka jioni, na mguu wako ungekuwa mzima."

Hakuna aliyecheka safari hiyo.

Mama Yadi aliamua papo hapo. Ngazi atabaki, lakini mashine asahau kwa sasa. Atashika fimbo, nyuma ya mtu mwingine, mpaka aonekane anaitumia bila kuulizwa mara tatu. Na kuanzia siku hiyo, mkwe na mkwe hawatapangwa pamoja, wala mjomba na mpwa, wala mtu yeyote na mtu anayemwonea haya. Kuhusu baba, alisema watazungumza wenyewe wawili, siku nyingine. Baba alisema sawa. Alichukua kofia yake ngumu, akaitazama, akairudisha mezani, akatoka bila kuaga.

Tulimkuta barabarani, mbele kidogo ya geti. Alipoibeba ile mashine kwa kuikumbatia, vifungo viwili vya katikati vilikuwa vimefunguka, na sasa alikuwa amesimama pembezoni mwa njia, anahangaika navyo. Kifungo kilikuwa kinamteleza. Anakibana kwa vidole viwili, anakikosa, anakitafuta kwa macho, anakibana tena. Watu walikuwa wanapita. Mwanamke mmoja mwenye kapu alipunguza mwendo akatazama, akaendelea. Zamani, yaani wiki moja tu nyuma, baba angelivua shati lile akatembea kifua wazi kuliko kuonekana hivyo.

Nilikwenda haraka. Mimi ndiye mshonaji, mimi ndiye niliyeviweka vifungo vile nikavichekea barabara nzima. Nilikuwa na deni la aibu pale. Nilinyoosha mkono. Akanisogeza pembeni kwa kiwiko, si kwa ukali.

"Ngazi," akaita. Hajawahi kumwita hivyo. Tangu tuoane amekuwa "mumeo". "Njoo unifungie."

Mume wangu alinipa mkongojo. Alimwendea kwa mguu mmoja na nusu, akasimama mbele yake. Kwa mara ya kwanza nilimwona mume wangu amesimama mbele ya baba yangu karibu hivyo. Alilishika shati kwa ncha za vidole, na kwa heshima yake ile isiyopona, akageuza uso kando, akaanza kupapasa kifungo akitazama barabara.

"Tazama unachokifanya, mwanangu," baba akasema. "Ukitazama kando utakosea tundu."